Mashine Iliyoacha Kuuliza

Mwanamume alikuwa amefika katikati ya faili. Kila alipokuta mstari wenye amri ya kufungua kidirisha cha swali, alipeleka kishale mwanzoni mwake, akaweka alama ya reli (#), na mstari ule ukabaki pale pale lakini mashine ikauruka kana kwamba haupo. Hakufuta kitu. Mpangilio ukifutwa haurudi. Ukizibwa kwa alama moja, siku yoyote unazibuliwa. Kabla ya kuanza alikuwa ametengeneza nakala ya faili lote, akaipa jina lile lile na neno "zamani" mwishoni. Sasa alibadilisha kitu kimoja, akakijaribu, ndipo akaenda kwenye kingine.

Mtaani walimwita Taratibu. Alikuwa mtunza stoo wa shule hadi shule ilipopunguza watu, na kompyuta alijifundisha mwenyewe kwenye mashine mbovu zilizotupwa stoo. Zilikuwa dhaifu mno. Hazikukubali kitu isipokuwa mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure, kuufungua ndani na kuubadilisha apendavyo. Siku hizi alikuwa na meza yake sebuleni, akitengeneza mashine za watu. Lakini hii aliyokuwa akiishughulikia asubuhi hii, chumbani, kwenye meza iliyobana kati ya kitanda na dirisha, ilikuwa ya mkewe.

"Bado?" mke aliuliza. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Bado kidogo."

"Unafanya nini sasa?"

"Natoa vile vidirisha vinavyochomoza. Mara una uhakika, mara unataka kweli. Vinakusumbua."

"Nani kakwambia vinanisumbua?"

"Nimeona."

Mke alivuta uzi mmoja uliokuwa umechomoza kwenye shuka, akauzungusha kidoleni.

Alikuwa mnukuzi. Ofisi za utafiti zilimletea sauti za watu waliohojiwa, naye akazisikiliza na kuziandika neno kwa neno, pamoja na vicheko na vikohozi. Kwenye ofisi hizo walimwita Vidole, kwa jinsi alivyopiga kibodi bila kuitazama. Masikio yake hayakuwa na neno, wala vidole. Tatizo lilikuwa macho. Tangu yalipoanza kumtupa mkono, mumewe alikuwa amefanya kazi kubwa. Alikuza herufi. Akaweka kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti kila kinachoandikwa. Akambadilishia programu ya kuandikia, akampa nyingine nyepesi isiyo na mapambo, kwa kuwa kisoma skrini kiliielewa vizuri zaidi. Akadondosha matone ya gundi juu ya vitufe muhimu ili avipapase. Mwishowe alipanga upya vitufe vya mstari wa juu: cha kwanza kufungua faili, cha pili kuhifadhi, na kuendelea hivyo hadi cha kumi, ambacho alikipa kazi ya kufunga. Mwanzo wa mstari, mwanzo wa kazi; mwisho wa mstari, mwisho wa kazi. Aliuona ni mpango ulionyooka sana, na kweli ulikuwa umenyooka.

"Tayari," alisema. "Sasa haitakuuliza tena kitu. Ukiiamuru, inatii."

"Ahsante," mke alisema, akainuka kumpisha apite.

*

Karani wa ofisi ya utafiti alifika kabla ya saa sita, jasho shingoni, bahasha kwapani. Mke alimkaribisha, akamvutia kiti. Karani aliketi, akamgeukia mume.

"Baba, ile kazi ya mara ya mwisho imerudi. Kuna maneno yamejirudia, mistari mingine imerukwa. Mkubwa hakufurahi."

"Mwandishi ni yeye," Taratibu alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Najua. Nasema tu." Karani alishusha sauti, ingawa sebule ilikuwa ndogo na mke alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa goti. "Kwani mama hali yake ikoje? Anaona kiasi gani?"

"Niulize mimi," mke alisema. "Nipo."

"Aa, samahani mama. Nilidhani nisikuchoshe."

"Sijachoka. Lete."

Karani alitoa kijiti cha kuhifadhia sauti, akakiweka mezani, kisha akakichukua tena na kumtilia kiganjani kama anavyopewa mtoto peremende. Ilikuwa sauti ya mkunga mstaafu, alisema, mazungumzo marefu, mama mwenyewe anaongea chini chini. Ijumaa angekuja kuichukua. Alipofika mlangoni alimvuta Taratibu nje kidogo.

"Nikwambie ukweli, baba. Mkubwa ameshampata binti mmoja, ana mashine mpya. Hii ya Ijumaa ikirudi na makosa, sitakuwa na la kumtetea. Umwambie asome vizuri kabla ya kutoa."

"Nitamwambia."

Alirudi ndani. Mke alikuwa bado amekaa, kijiti mkononi.

"Amesemaje?"

"Amesema Ijumaa."

"Dakika zote zile nje, amesema Ijumaa?"

Taratibu alichukua bisibisi, akaendelea na mashine ya mteja iliyokuwa wazi juu ya meza yake.

*

Jioni alikuja mdogo wake mke. Aliuza nguo za mitumba, alikuwa na sauti ya kuita wateja hata akiwa hauzi kitu, na aliingia chumbani kwa dada yake bila kubisha.

"Yesu wangu! Hii kibodi imekuwaje? Imeota ndui?"

"Ni gundi," dada yake alisema. "Shemeji yako kaweka, nipapase."

"Shemeji!" aliita kuelekea sebuleni. "Umeipaka kompyuta dawa?"

"Ni alama, shemeji."

"Alama! Haya. Na huyu anayeongea puani ni nani?" Kisoma skrini kilikuwa kinasoma majina ya mafaili. "Mbona kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe?"

Mke alicheka kidogo. Mdogo mtu alikaa kitandani, akavua viatu, akapunguza sauti hadi ikawa karibu ya kawaida.

"Dada, acha hii kazi. Njoo ukae kwangu. Chumba kipo, watoto wapo, utapata wa kuongea naye. Hapa unaongea na debe."

"Na mume wangu?"

"Mume wako ana mashine zake. Atakuja kukuona. Kwani hapa anakuona?"

Taratibu, sebuleni, aliyasikia yote. Aliinama zaidi juu ya mashine ya mteja na kuanza kukaza skrubu aliyokwisha kuikaza.

"Kuna kazi ya Ijumaa," mke alisema.

"Imalize basi. Ikienda vizuri, baki, sitakusumbua. Ikirudi tena, nakuja na gari la mizigo, nakubeba wewe na kitanda."

"Kitanda ni cha shemeji yako."

"Basi yeye abaki nacho, kimkumbatie."

Walicheka wote wawili. Aliyekuwa sebuleni naye alitabasamu, peke yake, kisha akakumbuka kwamba hakualikwa kwenye kicheko kile.

*

Asubuhi iliyofuata mke aliketi mezani mapema. Kwenye spika ndogo mkunga alianza kuongea, sauti ya chini, iliyokwaruza. Alieleza kuhusu zamu yake ya kwanza, jinsi taa ilivyozimika katikati ya kazi na yeye akamzalisha mama kwa kupapasa tu. Hapo akacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Taratibu alikisikia kutoka sebuleni akiwa anakunywa chai. Akasikia na vidole vya mkewe, mfululizo, kama mvua isiyo na haraka. Mambo yanakwenda, alijisemea, akatoka kumpelekea mteja mashine yake.

Aliporudi jua lilikuwa limepanda. Alipofungua mlango, mkunga alikuwa anaongea kuhusu zamu yake ya kwanza. Taa ikazimika. Akacheka, akakohoa.

Taratibu alisimama mlangoni mwa chumba.

"Hapo si ulipita asubuhi?"

"Nilipita."

"Sasa?"

"Napita tena."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilimaliza nusu nzima, nikahifadhi, ikapotea."

"Haiwezekani. Ulibonyeza cha pili?"

Mke alisimamisha sauti. Aliweka mikono yake juu ya kibodi bila kubonyeza, akaacha vidole vijipange vyenyewe, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikanyooka kwenda juu, kikatua kwenye kitufe cha kumi.

"Miaka yote nimehifadhi hapa," alisema. "Kwenye ile programu ya zamani kuhifadhi kulikuwa hapa. Kichwa changu kinajua umebadilisha. Hivi havijui."

Taratibu alitazama kile kitufe. Alilielewa jambo lote kwa mara moja, kama anavyoelewa waya uliokatika. Kitufe cha kumi kilifunga. Zamani, mtu akifunga bila kuhifadhi, kidirisha kilichomoza kikamuuliza. Vidirisha alivizima yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kwa uangalifu, akijaribu kila kimoja. Na ile programu nyepesi haikuwa na tabia ya kujiwekea akiba ya kazi bila kuamriwa.

"Kwa nini hukuniita?"

"Nikuite uje ufanye nini?"

"Nirekebishe."

"Ndiyo maana sikukuita."

Taratibu alienda akavuta kigoda kilichokuwa chini ya dirisha, akaketi nyuma yake.

"Naweza kurudisha ya zamani," alisema. "Nakala ninayo. Dakika moja tu, kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa."

"Halafu vile vidirisha vitachomoza, nami sivioni. Nitakaa nabonyeza kumbe mashine inaningoja nijibu. Hiyo ndiyo iliyoharibu kazi iliyorudi, hukujua?"

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Nje mtu alipita akivuta mkokoteni. Walisubiri upite, kama vile ulikuwa na haki ya kusema kwanza.

"Siku niliyotoka kliniki," mke alisema, "nilivua viatu pale, nikakwambia wamesema miwani haitasaidia, hii inakwenda ikiongezeka. Unakumbuka ulifanya nini?"

Alikumbuka.

"Uliinuka ukaja hapa ukakuza herufi. Nikabaki sebuleni nimeshika kiatu."

"Nilitaka uone."

"Najua ulitaka nione. Mimi nilitaka ukae."

Taratibu alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri kwa vitu vidogo, na haikuwa na kitu cha kushika.

"Nikusaidie kuandika?" alisema mwishowe. "Tuifikie Ijumaa."

"Wewe? Kwa vidole viwili? Tutamaliza mkunga akiwa ameshazaa yeye."

Kicheko kilimponyoka mwanamume kabla hajajua kama kinaruhusiwa. Mke hakucheka, lakini alisogeza kiti chake kidogo, pakapatikana nafasi ya kigoda mbele ya meza.

"Fungua hilo faili lako," alisema. "Usifanye kitu mpaka nikuambie."

*

Alilifungua. Alimsomea mstari wa kwanza, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kulimwia kugumu kuliko kazi yenyewe. Vidole vyake vilijua tayari vilitaka kwenda wapi.

"Kitufe cha kumi," mke alisema. "Kihifadhi. Kisifunge."

"Na kufunga kuwe wapi?"

Mke alijaribu vitufe hewani, mkono ukitafuta mahali ambapo haujawahi kwenda kwa bahati mbaya. "Huku. Kushoto kabisa, juu, pamoja na hiki cha chini kulia. Mikono miwili. Nisiweze kufunga kwa kidole kimoja."

Taratibu hangelifikiria hilo. Katika mpango wake kila kitu kilipaswa kuwa chepesi. Aliandika, na juu ya mstari ule akaweka mstari mwingine wenye alama ya reli mwanzoni, wa maelezo, ambao mashine isingeusoma: kufunga kuwe kugumu, amesema mwenyewe.

"Unaandika nini kirefu hivyo?"

"Sababu. Ili nikirudi baadaye nisiikosoe."

Alijaribu. Vile viwili kwa pamoja vilifunga. Kitufe cha kumi kikahifadhi, na kisoma skrini kikasema kwa sauti yake ya debe kwamba faili limehifadhiwa. Mke aliitikia kwa kichwa.

"Sasa rudisha vidirisha."

"Si umesema huvioni?"

"Sitaki kuviona. Nataka vinisemeshe. Kichomoze, halafu huyu wa kwenye debe anisomee kinauliza nini, anyamaze mpaka nimjibu. Inawezekana?"

Iliwezekana. Aliondoa alama ya reli kwenye mstari wa kwanza kati ya ile aliyoiziba, akakiamuru kisoma skrini kisome kila kidirisha kinachofunguka. Akaandika neno moja kwenye karatasi tupu ya mashine, akafunga bila kuhifadhi. Kidirisha kilichomoza. Sauti ikasema, bila kupumua: "Je, ungependa kutupilia mbali mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa?"

Mke aligeuka. "Nani anaongea hivyo?"

"Ndivyo ilivyotafsiriwa."

"Ni hakimu? Kutupilia mbali! Mimi nikisikia hivyo nitajua nimefungwa."

"Maneno yapo kwenye faili lingine. Yanabadilishwa."

"Na wewe unaruhusiwa kuyabadilisha?"

"Yeyote anaruhusiwa."

Hilo lilimfurahisha kuliko yote aliyowahi kufanyiwa kwenye mashine ile. Alikaa vizuri, akakunja mikono, akafikiri kama mtu anayechagua jina la mtoto.

"Aseme: Hujaweka kazi yako. Niiweke?"

Taratibu alilitafuta faili la maneno, akaupata mstari, akatengeneza nakala yake kwanza, kisha akaandika. "Na majibu? Yapo matatu. La kwanza ndiyo."

"Ndiyo, weka."

"La pili, kutokuweka."

"Acha ipotee. Aseme hivyo hivyo, nijue ninachofanya."

"La tatu limeandikwa ghairi."

"Ngoja kwanza."

"Unataka nisubiri?"

"Hapana, hilo ndilo jibu lenyewe. Ngoja kwanza."

Waliijaribu. Sauti ya puani iliwauliza swali lile kwa maneno ya mke, ikasoma majibu yake moja baada ya jingine, ikanyamaza ikimsubiri. Mke aliiacha isubiri, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akifurahia kuulizwa.

"Yapo mengine," Taratibu alisema. "La kuchomoa kijiti, la printa, la kuzima mashine. Yote yanaongea kama hakimu."

"Kesho. Sasa hivi nina mkunga." Lakini hakuiwasha sauti ya mkunga. "Huna swali jingine?"

"La mashine?"

"Lolote."

Alikuwa nalo moja. Alikaa nalo, akaligeuza, akataka kuinuka aende akaangalie kama jiko limezimwa.

"Mimi," alisema. "Mimi unaniona?"

Mke alimwelekezea uso. "Hivi, nikikukazia macho, uso wako unafutika. Panabaki masikio na mabega. Nikitazama mlango" — akageuka kuelekea mlangoni — "unarudi. Si vizuri, lakini unarudi. Umeacha kunyoa."

Taratibu alijishika kidevu chenye ndevu. Kwa miezi sasa mkewe alikuwa akizungumza naye akitazama mlango. Mezani, kitandani, hata akimwomba chumvi. Alidhani amemchoka na kwamba jicho lake linatafuta pa kutokea, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kugombana, alikuwa akiinuka kimya kimya na kwenda kwenye mashine.

"Hukuniambia," alisema.

"Hapana," mke alikubali. "Sikukuambia."

Alipapasa mezani, akapata vipokea sauti vyake, akavivaa. Kazi ya Ijumaa ilikuwa imebaki karibu yote, na mdogo wake alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, hata ile ya gari. Alibonyeza, na mkunga, ambaye sasa alisikika kwake peke yake, akaanza tena zamu yake ya kwanza. Vidole vikashika mwendo. Uso ulielekea kwenye skrini, ambako hapakuwa na kitu alichohitaji kukiona.

Taratibu alilifunga faili la maneno, vidirisha vingine vikiwa bado havijaguswa. Alikiinua kigoda, akakisogeza upande wa meza, karibu na dirisha, mahali ambapo mtu anayetazama skrini angekuwa naye pembeni ya jicho. Aliketi. Akainuka, akakisogeza mbele kidogo, akaketi tena.

"Hapa?" aliuliza.

Masikio ya mkewe yalikuwa yamezibwa. Vidole viliendelea, kidole cha mwisho kikapanda hadi kitufe cha kumi, kikashuka. Mwanamume alingoja, mikono mapajani, kisha akauliza tena, kwa sauti ile ile ya chini.